Tulivyopima Gharama za Chanjo za Watoto Wetu

Nina watoto wawili, na kila mmoja alipitia mlango wake. Kifungua mimba alichanjwa katika hospitali binafsi jijini Dar es Salaam, kwa sindano tulizolipia wenyewe; mdogo wake alichanjwa katika zahanati ya serikali ya kata yetu, ambako hatukutozwa hata senti. Hatukuhama kwa sababu ya ugomvi wala kwa sababu ya kufilisika. Tulihama baada ya mimi na mume wangu kukaa chini na kujiuliza ni kitu gani hasa tulichokuwa tukikinunua. Majibu tuliyoyapata ndiyo ninayoyaeleza hapa, kwa kuwa wazazi wengi wa rika letu huamua jambo hili kwa maneno waliyoyasikia kwa mwenzao ofisini au kwenye kundi la simu.

Ratiba ya kliniki ya serikali ni rahisi kuifuata. Mtoto akizaliwa hupewa chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Akifikisha wiki 6 huchomwa ile ambayo wauguzi huiita penta, yaani sindano moja ya magonjwa matano: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B, pamoja na nimonia na homa ya uti wa mgongo zinazosababishwa na bakteria aitwaye Hib. Penta hurudiwa katika wiki ya 10 na ya 14. Siku hizo hizo kuna sindano ya nyumonokoka, bakteria mwingine wa nimonia, matone ya polio, na katika wiki ya 6 na ya 10 matone ya rota kwa ajili ya kuhara. Wiki ya 14 huongezeka sindano ya polio. Hospitali binafsi ilitupa njia nyingine: sindano moja ya magonjwa sita, ambamo polio imeshachanganywa na yale matano, hivyo katika wiki ya 14 mtoto huchomwa mara mbili badala ya tatu. Akina mama huiita tu “ile isiyoleta homa”. Dozi moja ilitugharimu zaidi ya kodi ya mwezi ya chumba anachopanga mdogo wangu kule Mbagala, na bima ya kazini kwa mume wangu, iliyokuwa tayari kulipia kumwona daktari, haikulipia chanjo.

Homa inayozungumzwa hutokana zaidi na sehemu ya kifaduro. Ndani ya penta mna bakteria mzima wa kifaduro aliyeuawa, na mwili wa mtoto ukikutana naye haukai kimya: joto hupanda, paja huvimba, mtoto hulia usiku. Katika ile ya kulipia bakteria amevunjwavunjwa na kubakizwa protini chache zilizosafishwa, kwa hiyo mwili hausumbuki sana. Aina hii ya pili ilianzia Japani, na kilichoisukuma ni hofu ya wazazi. Watoto wawili walifariki muda mfupi baada ya kuchanjwa katika majira ya baridi ya 1974 kuingia 1975. Chanjo ikasimamishwa kwa muda, na hata iliporejeshwa wazazi wengi waliikwepa. Kufikia mwaka 1979 nchi hiyo ilikuwa na wagonjwa wa kifaduro zaidi ya 13,000 na vifo 41, na mwaka 1981 ikaanza kutumia chanjo mpya ya protini. Tangu nilipoisoma habari hiyo simdharau mzazi anayesema kwamba anaogopa homa ya chanjo. Hofu ya namna yake ilishabadili mpango wa afya wa taifa zima, na kabla ya kuubadili iliacha makaburi.

Hata hivyo, utulivu huo una gharama ambayo haikuandikwa kwenye orodha ya bei. Kinga ya kifaduro inayojengwa na zile protini chache hupungua mapema kuliko inayojengwa na bakteria mzima, ndiyo maana Marekani, ambako watoto wote hupewa aina hiyo, mtoto hurudiwa kuchanjwa akiwa na miezi 15 hadi 18, kisha akiwa na miaka 4 hadi 6, kisha tena akiwa na miaka 11 au 12, na mama naye huchanjwa katika kila ujauzito. Katika jimbo la Queensland nchini Australia, ambako mwaka 1999 walikuwa wakihama kutoka aina moja kwenda nyingine, watafiti walirudi nyuma kuwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1998 na wakakuta kwamba waliopata dozi ya kwanza ya bakteria mzima waliugua kifaduro kwa kiwango kidogo zaidi, hata miaka mingi baadaye, kuliko walioanza na ile ya protini. Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri mwaka 2015 kwamba nchi zinazotumia chanjo ya bakteria mzima ziendelee nayo, na zisihame isipokuwa zikiwa na uwezo wa kuzigharimia dozi za nyongeza bila kukatika.

Daktari wa watoto alinieleza hayo kwa ufupi nilipomuuliza, nami nilifurahi kwamba nilimuuliza, kwa kuwa muuzaji wa kitu chochote hana haraka ya kutaja gharama za mbele. Alisema kwamba mtoto aliyeanza kwa njia hiyo inampasa arudi akiwa na mwaka mmoja na nusu kwa nyongeza, na tena kabla ya kuanza shule. Kwenye kadi ya kliniki tuliyokuwa nayo dozi hizo hazikuwamo, kwa hiyo ni sisi wa kuzikumbuka na ni sisi wa kuzilipia. Hapo ndipo mume wangu, ambaye ni mtu wa mahesabu, alipoacha kuitazama bei ya dozi moja na kuanza kuitazama bei ya safari nzima. Familia yenye mshahara wa kila mwezi inaweza kuimaliza safari hiyo. Familia inayotegemea kibarua inaweza kujibana ikalipa dozi tatu za mwanzo kwa fahari, kisha ikaikosa ile ya nyongeza inayotakiwa miaka michache baadaye, na mtoto wao akawa na kinga fupi kuliko ya jirani yake aliyekwenda zahanati bure. Kwa sababu hiyo simshauri mtu kukopa ili apate sindano isiyoleta homa.

Homa yenyewe tuliijua kwa mtoto wa pili. Baada ya penta ya kwanza alichemka jioni, akanyonya kwa shida, akalia kila tulipomgusa paja la kushoto, na kesho yake mchana akawa anacheza. Nesi wa zahanati alikuwa ameshatuandaa. “Mama, usimpe dawa kabla ya kuja hapa wala ukifika tu nyumbani,” alisema. “Akipata joto kweli na kusumbuka, ndipo umpe kwa kipimo cha uzito wake, na umnyonyeshe mara kwa mara.” Nilidhani ni mazoea ya zamani, mpaka nilipokuja kusoma utafiti wa Jamhuri ya Cheki uliochapishwa mwaka 2009, ambao ulionyesha kwamba watoto waliopewa parasetamoli ya kuzuia homa siku ya chanjo walipungukiwa joto lakini pia walijenga kingamwili pungufu kwa baadhi ya chanjo. Nesi alikuwa sahihi, tena kwa sentensi mbili. Usiku ule ulitugharimu usingizi, na asubuhi mume wangu alichelewa kazini. Hiyo ndiyo bei tuliyolipa, na kwa kuilinganisha na ile ya hospitali niliiona kuwa ndogo. Mama mwenye mtoto aliyewahi kupata degedege, au anayelala peke yake na mapacha, anaweza kuipima kwa namna nyingine, nami siwezi kumwambia kwamba amekosea.

Jambo jingine tulilolitazama ni kama chanjo nyingine za hospitali zilikuwa bora kuliko za zahanati. Wapo wanaoamini kwamba kinachotolewa bure lazima kiwe na kasoro. Sindano ya nimonia ambayo kifungua mimba aliipata kwa fedha ilikuwa inakinga aina 13 za nyumonokoka, na ile ambayo mdogo wake aliipata bure ilikuwa inakinga aina hizo hizo 13. Tanzania ilizindua chanjo za nyumonokoka na rota mwishoni mwa mwaka 2012, kwa msaada wa Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, na kwa mchango wa serikali yenyewe. Kabla ya hapo ni mwenye fedha tu aliyeweza kumpatia mtoto wake, na nadhani dhana ya ubora wa hospitali binafsi ilirithiwa kutoka katika miaka hiyo. Kwa chanjo hizo mbili, fedha yetu ilinunua kiti chenye mto na foleni fupi. Sizidharau, mama aliyejifungua kwa upasuaji wiki chache zilizopita anajua thamani ya kiti.

Nilipokuwa zahanati nesi alinionyesha kitu ambacho sikuwahi kuonyeshwa hospitalini. Kwenye kichupa cha chanjo kuna duara lenye mraba mdogo katikati. Mraba huo huanza ukiwa mweupe, na kadiri kichupa kinavyokutana na joto ndivyo unavyozidi kuwa mweusi. Ukifikia rangi ya duara linalouzunguka, kichupa hicho hakitumiki tena. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa katika nyuzi joto 2 hadi 8, na katika jiji ambalo umeme hukatika wakati wa joto kali, alama hiyo ni shahidi mzuri kuliko maneno ya mtu yeyote. Sindano ya kulipia aliyochomwa kifungua mimba ilikuja katika bomba lake lililojazwa kiwandani na haikuwa na alama hiyo. Mzazi anayelipia hana budi kuuliza jokofu linaendeshwa na nini umeme ukikatika, na kama kuna daftari la vipimo vya joto. Swali hilo si utovu wa adabu, na mhudumu mwenye jokofu zuri hulijibu kwa furaha.

Gharama iliyonifumbua macho zaidi ni ya mdogo wangu wa Mbagala. Yeye ni mama lishe. Siku ya kliniki hapiki, kwa kuwa lazima afike asubuhi na mapema, apange kadi, mtoto apimwe uzito, asikilize somo la lishe, kisha asubiri zamu ya sindano; akitoka, wateja wa chai wameshakunywa kwingine na wa mchana wameshaagiza kwa jirani. Chanjo ni bure lakini siku si bure. Mtoto wake alipotimiza miezi 9 alikwenda kwa ajili ya surua na rubella, akaambiwa arudi siku nyingine kwa sababu watoto hawakutosha. Alinipigia simu akiwa na hasira: “Dada, wananiambia nirudi kama vile mimi ndiye niliyekuja bila watoto wenzake.” Sababu niliielewa baadaye. Chanjo ya surua na rubella kwa kawaida huja katika kichupa cha dozi 10, unga unaochanganywa na maji yake, na ikishachanganywa inatakiwa itumike ndani ya saa 6 au imwagwe. Nesi akikifungua kwa mtoto mmoja anamwaga dozi 9; asipokifungua, mama mmoja anapoteza nauli na mauzo ya siku, na huenda asirudi. Muuguzi anayehofia kuulizwa juu ya dozi zilizomwagika atamrudisha mama, na hasara ya mama haiandikwi kwenye daftari lolote.

Surua si ugonjwa wa kusubiriwa. Mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 mahali ambako hakuna aliye na kinga, na dozi ya miezi 9 hufanikiwa kwa takribani watoto 85 katika kila 100, ndiyo maana ipo ya pili katika mwezi wa 18. Miezi hiyo 9 yenyewe ni matokeo ya kupima: mtoto akichanjwa mapema mno, kinga aliyorithi kwa mama yake huizuia chanjo kufanya kazi, akicheleweshwa mno, surua humkuta. Tangu siku ile tulikubaliana na mume wangu kwamba fedha tuliyoiokoa kwa kuhamia zahanati sehemu yake itakwenda kwenye nauli ya mdogo wangu, pamoja na kifuta jasho cha siku asiyopika, na kwamba kabla ya kwenda atapiga simu kuuliza siku ya surua. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo fedha iliyonunua kinga nyingi zaidi kuliko fedha nyingine yoyote tuliyoitoa kwa ajili ya chanjo, ingawa haikununua chanjo hata moja.

Sehemu nyingine tuliitenga kwa chanjo ambazo hazimo katika ratiba. Hapa orodha ya hospitali ni ndefu: tetekuwanga, matumbwitumbwi, homa ya ini aina ya A, taifodi, mafua, na homa ya uti wa mgongo ya aina nne za bakteria, ambayo baba mkwe alichanjwa alipokwenda Hija kwa sababu Saudi Arabia huidai. Hatukuweza kuzichukua zote, wala sikuona kwamba ilitulazimu. Tulianza na taifodi. Mtaani kwetu maji hutoka leo kisimani, kesho kwenye boza, na watoto hula vitu vya shuleni ambavyo hakuna mzazi anayejua vimeoshewa wapi. Chanjo mpya ya taifodi hutolewa dozi moja kuanzia miezi 6, na jaribio lililofanyika Blantyre, Malawi, kwa watoto wapatao 28,000 lilionyesha kwamba ilizuia takribani wanane kati ya kila wagonjwa kumi. Blantyre si mbali nasi kwa hali ya maisha, na hilo lilinishawishi kuliko takwimu yoyote ya Ulaya. Homa ya ini aina ya A tuliiacha, kwa kuwa watoto wadogo wengi huipata bila hata kuonyesha dalili. Tetekuwanga tuliiahirisha: mtoto huwashwa wiki moja akapona, ila mtu mzima anaweza kulazwa, kwa hiyo asipoupata kabla ya kuingia sekondari tutailipia.

Malaria nayo ilituingiza katika mjadala kupitia wifi yangu aliyeolewa Siaya, Kenya. Kaunti yake ilikuwa miongoni mwa zile za magharibi zilizoanza kutoa chanjo ya malaria mwaka 2019, na sisi wa Pwani tulimwonea wivu kidogo, hasa kwa kuwa Bagamoyo na Korogwe ni miongoni mwa sehemu ambako chanjo hiyo ilijaribiwa. Yeye hakuwa na uhakika kama ilistahili usumbufu. Dozi zilikuwa nne, katika mwezi wa 6, wa 7, wa 9 na wa 24, na katika majaribio watoto waliochanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne walipungukiwa na malaria kwa takribani asilimia 36 katika miaka minne. “Wifi, theluthi moja tu, na bado nalala chini ya chandarua?” aliniuliza. Nilimjibu kwamba mtoto wake huugua malaria zaidi ya mara moja kwa mwaka, na akiondolewa hata kipindi kimoja cha kulazwa, gharama ya zile safari nne imesharudi. Alikubali. Dozi ya nne ndiyo ilimsumbua, kwa kuwa katika miaka miwili mama huwa ameshasahau njia ya kliniki na mara nyingi ana mtoto mwingine mgongoni.

Tulipohamia zahanati tulipata usumbufu mdogo wa kumbukumbu ambao ninautaja kwa sababu unaweza kumgharimu mtu sindano ya bure. Hospitali ilikuwa imeandika jina la biashara la chanjo kwenye kijitabu chake, na nesi wa kampeni ya polio hakulitambua. Niliwarudia wa hospitali nikaomba waandike majina ya magonjwa, tarehe na namba ya dozi kwenye kadi ya serikali, wakafanya bila malipo.

Mjadala ambao haujaisha nyumbani ni wa chanjo ya HPV, yaani virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili, na binti wa dada yangu aliipata shuleni baada ya mama yake kunyanyua simu usiku kuniuliza kama ni kweli inaleta ugumba. Si kweli, na tulizungumza mpaka akaridhika. Mwaka 2024 ilianza kutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na miongoni mwa ushahidi uliotegemewa duniani kuhusu kutosha kwa dozi moja ni jaribio lililofanyika Mwanza kwa wasichana 930, waliogawanywa kupata dozi moja, mbili au tatu. Gavi ilipata bei ya dola 4.50 kwa dozi moja mwaka 2013, ilhali Marekani dozi hiyo huuzwa kwa zaidi ya dola 200. Kwa kifungua mimba wetu, ambaye ni msichana, hakuna cha kupima. Zamu yake ikifika atachomwa shuleni bure. Mdogo wake ni mvulana. Mume wangu anasema kwamba virusi hivyo havichagui jinsia, na kwamba saratani ya koo ipo pia kwa wanaume. Mimi ninasema kwamba kwa bei ya hospitali ningependelea kwanza kuhakikisha wasichana wote wa ukoo wetu, pamoja na wale wa kijijini ambao hawako shuleni, wamefikishwa kituoni. Mvulana bado hajafikia hata umri wa kuanza darasa la kwanza, kwa hiyo tunao muda wa kuendelea kubishana.